Mfuko wa Mama

Huyu ninayemsimulia tunamwita Pini, kwa sababu ukimkuta kazini ana pini tatu nne midomoni na anaongea nazo hivyo hivyo kwa pembe ya mdomo, wala hajawahi kumeza hata moja. Ni fundi wa kurekebisha nguo. Hashoni mpya. Anapunguza viuno, anashusha mapindo, anatoa zipu zilizokufa na kutia nyingine. Mimi ni mwenzake wa chumba, kazi yangu pasi na vifungo. Chumba chenyewe kina mlango mmoja, dirisha linalotazama kituo cha mafuta, cherehani mbili ambazo moja ni mgonjwa wa kudumu, na meza yangu ya pasi ambayo wateja wanadhani imewekwa hapo kwa ajili ya mikoba yao. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira, na katika habari hii sitajitia subira nisiyo nayo.

Utaratibu wetu ni mmoja: kila mteja na mfuko wake. Nguo, kipande cha bitana, zipu, vifungo, karatasi ya vipimo iliyobanwa kwa pini, vyote vinaingia mfuko mmoja na haviachani mpaka mwenyewe aje. Pini akimaliza upande wa cherehani ananisukumia mfuko mzima, hata kama kilichobaki ni kifungo kimoja. Zamani tulikuwa tunapeana kitu kimoja kimoja, na bwana harusi mmoja akaenda kuoa na koti lenye bitana ya maua ya mama mmoja mnene ambaye hata hakualikwa. Tangu siku hiyo Pini hagawi mfuko. Anautoa wote.

Mama yake alikuwa nesi mkuu wa wodi ya wazazi, na mpaka leo watu wanamwita Matroni. Alikuwa mwanamke wa mashuka yaliyonyooka. Aliyoyaona wodini aliyaacha wodini, na wanawake waliojifungua mikononi mwake walipishana naye barabarani bila wasiwasi, maana walijua mambo yao hayatoki mdomoni mwake. Akastaafu. Mumewe akafariki. Miaka michache baadaye akaanza kupotea humo humo ndani ya nyumba yake: kwanza funguo, kisha majina, kisha siku nzima nzima. Pini akamhamishia kwake, na mchana anakuja naye kazini. Anakaa karibu na dirisha, tunampa kapu la vipande vya nguo, naye anavikunja kwa pembe nne sawasawa, maana kwake ni mashuka ya wodi. Pini anamwona nesi mwanafunzi. Mimi sijui ananiona nani, ila ananikemea sana.

"Nesi, mikono," humwambia kila anayeingia mlangoni. "Kucha nizione. Na anayecheka atafua mashuka."

Wateja hunyoosha mikono. Hata mwanamume mmoja dereva wa lori, mtu wa kifua kipana, alinyoosha yake na kurudishwa nje akanawe.

Daktari alimwambia Pini aandike: nini kinamtuliza mama, nini kinamvuruga, amekula nini, amelala vipi. Hapo ndipo yalipoanza maneno kati yake na mdogo wake. Mdogo mtu anakaa mji mwingine, mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Anauza vipodozi kupitia simu. Ni mchangamfu kiasi kwamba akiingia chumbani kwetu hata ile cherehani mgonjwa inaona haya na kufanya kazi. Namsema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilimpenda.

"Dada, tufungue kikundi mtandaoni," alisema siku moja, ameketi juu ya meza yangu ya pasi bila kuuliza. "Shangazi awemo, binamu wawemo, na wengine wenye wazazi wa hivi. Ukiandika mama hajalala, watu kumi wanakujibu hapo hapo. Utabeba peke yako mpaka lini?"

Upande wa pili alikuwepo karani wa maktaba, mteja wetu wa siku nyingi ambaye kila suruali anayonunua ni ndefu. Yeye alimwonyesha Pini programu ya kuandikia kumbukumbu. Humo hakuna wafuasi, hakuna maoni, hakuna wa kukupa laiki. Ni wewe na karatasi zako. Kilichompendeza Pini ni kwamba karatasi moja unaweza kuiunganisha na nyingine: ukiandika "kuoga" unagusa neno, linakupeleka kwenye "sabuni", sabuni inakupeleka kwenye siku aliyolia. "Zimefungwa uzi," alinieleza, macho yanang'aa. Kwa fundi hilo si jambo dogo.

Akavijaribu vyote viwili, sambamba, kama anavyojaribu nyuzi mbili kwenye kitambaa kilekile. Kwenye kikundi alipata watu. Akiandika kwamba mama amekataa kula, mioyo na mikono ya kuombea inamiminika, shangazi anatuma sauti ndefu ya kumtia moyo, na binamu fulani anashauri dawa ya mitishamba ambayo hata yeye hajui jina lake. Lakini baada ya siku chache alitaka kujua ni wimbo gani ule uliomtuliza mama, akatafuta juu akatafuta chini, umezama chini ya salamu za asubuhi na picha za maua. Kwenye ile programu hakuna aliyempa pole, ila wimbo aliukuta pale pale alipouweka.

"Kule wananipa pole," aliniambia. "Huku najipa jibu. Pole naipenda, shoga yangu, lakini mama anataka jibu."

Akajitoa kikundini. Mdogo mtu akanuna, na akinuna yeye mchangamfu, nyumba nzima inasikia. "Kwa hiyo mama amekuwa mali yako," alimwambia kwenye simu. "Sisi wengine tuombe ruhusa kujua hali ya mama yetu?" Pini alikata simu, akashona pindo lote la gauni upande usio wake. Ilibidi afumue.

Ndipo mdogo mtu akajirudi, akasema atakuwa anakuja mwisho wa wiki mara moja moja akae na mama ili dada yake apumzike au aende kuwavalisha maharusi majumbani kwao. Tulifurahi wote. Sasa ilibidi ajue dozi za dawa na namna ya kumwogesha mama. Karani alishamwonyesha Pini kwamba unaweza kumpa mtu karatasi moja tu akaisoma, nyingine zikabaki kwako. Pini hakufanya hivyo. Mambo ya mtu mmoja hukaa mfuko mmoja, na anayepokea kazi hupokea mfuko mzima. Akabonyeza mara moja, akampa mdogo wake kila kitu.

Humo ndani kulikuwa na dawa na saa zake, ndiyo. Kulikuwa pia na jinsi Matroni alivyofunika kifua kwa mikono siku ya kwanza kuogeshwa na mtoto wake mwenyewe. Kulikuwa na anayoyasema akijikojolea. Na kulikuwa na karatasi moja ambayo Pini alinisomea kwa sauti, kwa sababu kuna siku nami nilibaki na mama peke yangu:

"Jioni anamuuliza baba. Jibu: yuko zamu, atarudi asubuhi. Usimwambie amefariki. Nilimwambia mara moja, akafiwa upya mbele ya macho yangu. Sitarudia."

Basi mdogo mtu akabadilika. Akawa anapiga simu kila siku, anauliza mambo ya ndani kabisa, mama jana alisemaje, lile la mashuka lilikwishaje. Akija, haji mikono mitupu: magauni laini ya kulalia, makasha ya nepi za watu wazima, hata kiti cha magurudumu. Pini alikuwa ananionyesha kila kitu kwa fahari. "Unaona? Alikuwa hajaelewa tu. Ameyasoma, ameelewa." Mimi nikaona haya kwa yale niliyokuwa nimeyasema juu yake alipokuwa amenuna.

Kisha, baada ya mwisho wa wiki mmoja ambao Pini alikuwa kwenye harusi, Matroni akazimika. Sina neno jingine. Alikaa karibu na dirisha na kapu mapajani, vipande havikunji. Chai ilipoa, mkate ukakauka. Akiingia mteja alimtazama tu. Na Pini akiinua simu yake kuandika, mama aligeuza uso akatazama ukuta.

"Kuna kitu nimefanya," Pini akasema. Akafungua kumbukumbu zake na kuanza kufuata nyuzi. Alikuwa amebadilisha sabuni wiki ile. Akarudisha ya zamani. Akafua foronya mara mbili. Akahisi pengine ni dawa mpya ya presha, akampeleka mama kliniki, daktari akasema dawa haina shida. Kila asubuhi aliandika: bado. Sijui. Nimepunguza sauti ya redio, bado. Pengine ni sauti yangu, jana nilimkaripia kidogo. Aliniuliza mimi, kwa dhati kabisa, kama nadhani mama amechoka kuogeshwa na yeye. Nilimwambia aache ujinga. Hakuacha. Alikonda palepale mbele yangu, mpaka nikampunguzia kiuno cha sketi yake mwenyewe.

Aliyekuja kutufumbua macho ni mwalimu wa chekechea, mwanamke wa tabasamu la kazi, ameleta gauni la kupunguza mikono. Siku hiyo Matroni alikuwa na nguvu kidogo, akasema polepole, "Nesi, mikono." Mwalimu akanyoosha mikono yake yote miwili na kucheka kwa furaha.

"Kucha nizione, na anayecheka atafua mashuka," akamalizia yeye. "Jamani, ni yeye mwenyewe? Wa Wodi ya Matroni? Naombeni picha moja tu, dada zangu, nikawaonyeshe wenzangu."

Pini akatoa pini zote mdomoni, akazichomeka kwenye kola yake. "Umeyasikia wapi hayo?"

Mwalimu hakuwa na ubaya wowote. Alitoa simu, akatuonyesha kwa moyo mweupe. Ukurasa wenyewe, Wodi ya Matroni, ulikuwa na wafuasi wengi kuliko watu ninaowajua mimi, mama yangu na mtaa mzima. Kwenye video ya kwanza mdogo mtu alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, ameketi kitandani kwake, anamwigiza mama. Anawakagua kucha watu wasioonekana. Ya kwanza inachekesha, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba ana kipaji. Ya pili alikuwa anasoma maneno ya Pini, yale ya siku ya kwanza ya kuoga, neno kwa neno, kwa sauti ya huzuni iliyopangwa vizuri. Chini yake, tangazo la nepi za watu wazima. Kasha ni lile lile lililokuwa chini ya meza yangu.

Ya tatu hakuigiza. Alikuwa mama mwenyewe, kwenye kitanda cha nyumbani kwa Pini, amevaa moja ya yale magauni laini. Juu yake pameandikwa: Leo nimeamua kumwambia ukweli.

"Mama," ilisema sauti ya mdogo mtu nyuma ya simu, "baba alishafariki. Unakumbuka?"

Matroni alitazama simu. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya kazini, "Lini?" Akajibiwa. Akauliza, "Nani alimwosha? Mbona sikuitwa?" Akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda, mwanamke mzima, kwa mikono, huku anarudia, mbona sikuitwa, mbona sikuitwa. Na ile simu haikuwekwa chini. Ilimsogelea.

Watu walikuwa wamelia kwa maelfu. Endelea kutuletea, waliandika. Mungu akulipe kwa kumtunza.

Mwalimu wa chekechea alishaelewa kwamba ameleta msiba, akachukua simu yake taratibu na kutoka bila kuacha gauni. Pini alibaki amesimama katikati ya chumba. Nilingoja alie. Nilingoja atukane, nilikuwa tayari kumsaidia maneno, ninayo mengi.

"Kumbe si sabuni," akasema.

Hilo ndilo lililoniliza mimi. Siku zote zile anajichunguza mwenyewe karatasi kwa karatasi, anatafuta kosa lake, na jibu lilikuwa kule kule mtandaoni alikokukataa, mbele ya macho ya kila mtu isipokuwa yake.

Mdogo mtu alikuja kesho yake, ameitwa kwa maneno mawili tu. Alikuja bila uchangamfu. Matroni alikuwa anasinzia karibu na dirisha. Nilikuwa na pasi mkononi, imepata moto sawasawa, na niseme tu kwamba niliiweka chini.

"Dada, usinitazame hivyo," alianza. "Ulinipa mwenyewe. Sikuiba."

"Nilikupa ili ujue la kutomfanyia," Pini akasema. "Nimeandika kabisa, usimwambie. Ukasoma, ukaenda ukamwambia."

"Nilitaka watu waone ugonjwa ulivyo. Unajua wanawake wangapi wananiandikia? Wanasema walidhani wako peke yao. Wengine wanamwogesha mama yao kwa kufuata maneno yako, dada. Yako. Wewe umeyafungia kwenye simu, yamemfaa nani?"

"Mama."

Mdogo mtu akasema jambo ambalo naamini ndilo lililokuwa la kweli, kwa sababu alilisema kwa sauti ndogo. "Ulimchukua. Ulijua nyimbo zake, sabuni yake, kila kitu. Nikija mimi ni mgeni ninayesoma maelekezo. Kule, wananiita mtoto wa Matroni."

Sitaki kumhurumia, na simhurumii. Mtu akikosa nafasi karibu na mama yake hapewi ruhusa ya kumliza mbele ya umati. Pini alimwambia afute ukurasa. Akaufuta pale pale, ingawa sote tulijua ile video ilishachukuliwa na wengine na itazunguka bila yeye. Pini naye akaifungua programu yake mbele ya mdogo wake, akamwondoa. Alipomaliza akasema, "Hutamwona tena mama ukiwa peke yako, na ikiwezekana hutamwona kabisa. Nenda."

Nilifurahi. Nilikuwa nimeushika mlango ili asipate taabu ya kuufungua.

Ndipo Matroni alipoamka. Alitutazama wote, akanipita mimi, akampita Pini, na macho yakasimama kwa yule aliyekuwa anaondoka. Uso wake ukafunguka. Mwaka mzima sikuwahi kuuona hivyo, na Pini aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemfulia, hakuwahi kuupata hata mara moja.

"Mwanangu," Matroni akasema. "Umekuja."

Mdogo mtu alisimama pale mlangoni, hakujua afanye nini na mikono yake. Kisha Matroni akamgeukia Pini, kwa ule ukali wake mzuri wa zamani.

"Nesi, unatazama nini? Mpe mwanangu kiti. Ametoka mbali."

Chumba chetu kina viti vitatu, na cha tatu kilikuwa na mifuko ya wateja. Pini alikwenda nyuma ya cherehani, akachukua kiti chake mwenyewe anachokalia kutwa, akakibeba na kukiweka karibu na dirisha. Akamwambia mdogo wake, bila kumtazama, "Kaa." Yule akakaa, akalia bila sauti, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mama. Matroni akaanza kumuuliza habari za shule. Baadaye akaomba chai, na mkate, akala vyote kutoka mkononi mwa yule yule.

Pini alifanya kazi iliyobaki amesimama. Jioni, walipokuwa bado wamekaa vile, alitoa simu akaandika kitu, akaniuliza kama sentensi inaeleweka. Ilikuwa kwenye karatasi ya yanayomtuliza. Aliandika: "Mdogo wangu akiwapo, mama anatulia na anakula. Aitwe kila wiki. Wasiachwe wawili peke yao."

Nikamwambia inaeleweka.